Chumba Juu ya Msonobari: Mwongozo Kamili wa Kupeleka Familia Kwenye Hoteli za Msituni Skandinavia

Mara ya kwanza tulipolala kwenye nyumba ya kioo msituni, mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka minne, na bibi yake alikuwa amewasili wiki ileile kutoka Tanga. Chumba nilikichagua kwa picha. Tangazo lilisema kinalala watu wanne. Tulipofika tukakuta kitanda kimoja cha watu wawili, na darini godoro jembamba linalofikiwa kwa ngazi iliyosimama wima. Choo kilikuwa kwenye jengo jingine, mwendo wa mita sitini gizani. Bibi alikesha kitini akimlinda mjukuu asidondoke. Asubuhi ukungu ulipoinuka ziwani, sote tukanyamaza kwa uzuri ule. Kisha bibi akasema: "Pahala pazuri mno, lakini aliyepachora hakuwa na mtoto."

Tangu siku hiyo, kila ninapotaka kulipia chumba cha namna hii naanza na swali lake: aliyekichora aliwafikiria watoto? Vipo vyumba vingi ambavyo jibu lake ni ndiyo, ila si hivyo vinavyosambaa sana kwenye picha. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu na marafiki wanaoishi Ulaya, na wale wanaopanga kuja kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: Jua unalipia nini

Hizi si hoteli za kawaida zilizohamishiwa porini. Jengo linatakiwa liwe dogo, lisiijeruhi ardhi, na kila kilichomo ndani kikusukume kutazama nje. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Juvet, huko Valldal, magharibi mwa Norwei, karibu na korongo la Gudbrandsjuvet. Wasanifu wake, Jensen & Skodvin, walivisimamisha vyumba juu ya nondo za chuma za milimita 40 zilizopenyezwa kwenye mwamba, hivyo miti na mawe yakabaki karibu kama yalivyokuwa. Kila chumba kimegeuziwa upande wake ili usimwone jirani. Kuta za ndani zimepakwa rangi ya giza kwa makusudi, ili kioo kisirudishe taswira ya chumba na macho yako yapite moja kwa moja hadi mtoni.

Mfano wa pili ni Treehotel, katika kijiji cha Harads, kaskazini mwa Uswidi. Britta na Kent Lindvall waliifungua mwaka 2010, na karibu kila chumba kimechorwa na msanifu tofauti, kikaning'inizwa kwenye misonobari. Kimoja ni mchemraba wa vioo unaopotea kabisa msituni, na kingine kinafanana na kiota kikubwa cha ndege.

Kwa mzazi hii ina maana moja: unalipia ukimya na dirisha. Usitarajie bwawa la watoto, wala mtu wa kuwachezesha, na mara nyingi hata televisheni hakuna. Watoto wasiozoea hali hiyo husumbuka siku ya kwanza na kutulia siku ya pili. Ndiyo maana nashauri mlale usiku mbili pahala pamoja. Ukilala usiku mmoja, umelipia usumbufu ukaondoka kabla raha haijafika.

Hatua ya 2: Ipime familia yako kabla ya kupima chumba

Mtoto anayebebeka hana shida. Kigari chake kiache kwenye gari, maana njia za msituni zina mizizi na mawe, kisha mfunge kwa mbeleko. Wagumu ni wa miaka miwili hadi minne: wanatembea, wanapanda kila kitu, na hawajui kuogopa kimo. Kuanzia miaka mitano au sita ndipo safari hizi zinapokolea. Mtoto wa miaka tisa kwenye chumba cha juu ya mti anapata jambo la kusimulia darasani mwaka mzima.

Kama unakwenda na mzee, hesabu ngazi kwa niaba yake. Usimuulize kama ataweza, maana atasema ataweza.

Hatua ya 3: Chagua kwa ramani ya chumba, si kwa picha

Kwa kila chumba unachokitamani, tafuta ramani yake, ule mchoro wa kutoka juu. Wasanifu huichapisha kwenye kurasa zao hata pale hoteli isipoiweka. Ndani yake tazama vitu vinne: vitanda viko wapi, watoto wanapandia nini, choo na bafu viko ndani au nje, na kuna mlango unaotenga sehemu ya kulala. Hilo la mwisho watu hulisahau. Bila mlango, mtoto akilala saa mbili usiku nanyi mmezima taa, mmebaki kunong'ona gizani.

Sasa tuvipitie vyumba vyenyewe.

Harads, mchemraba wa vioo (Mirrorcube) ndio unaopigwa picha kuliko vyote, lakini ni wa watu wawili. Upande wake ni mita nne tu, basi usihangaike nao. Biosphere, iliyochorwa na kampuni ya BIG na kuzungushiwa viota 350 vya ndege, nayo ni ya wawili. Familia iangalie kile kiota kikubwa, Bird's Nest, ambacho Bertil Harström alikichora kwa ajili ya wazazi wawili na watoto wawili, kikiwa na vitanda vya ghorofa na ngazi inayovutwa juu usiku. UFO, kazi ya Harström huyohuyo, nayo imefikiriwa kifamilia, na sijaona mtoto asiyetaka kulala ndani ya chombo cha angani. Mkiwa watano na mfuko unaruhusu, kipo 7th Room cha kampuni ya usanifu ya Snøhetta, kilichojengwa mwaka 2017 kiasi cha mita kumi juu ya ardhi. Kati ya sehemu zake mbili umetandazwa wavu ambao watu hulala juu yake wakitazama nyota, na mti unapita katikati. Ni pazuri kuliko ninavyoweza kueleza, ila mwenye mtoto wa miaka mitatu atakesha akiufikiria ule wavu.

Norwei, kwa maoni yangu, chaguo zuri la familia kubwa ni vibanda vya PAN, katika msitu wa Finnskogen karibu na mpaka wa Uswidi. Espen Surnevik alivichora vikiwa na umbo la hema la pembe tatu, juu ya miguu ya chuma ya mita nane. Hupandi kwa ngazi ya kunyooka. Unapanda ngazi ya kuzunguka iliyojengwa ndani ya mnara wake, kisha unavuka daraja fupi. Kibanda kinalala hadi watu sita na kinafikika kwa gari kutoka Oslo bila kupanda ndege nyingine.

Woodnest, juu ya mji wa Odda kwenye Hardangerfjord, imeshikwa na mti mmoja hai kwa kola ya chuma. Wanalala wanne kwa kubanana katika takriban mita 15 za mraba. Kuifikia ni kupanda mlima kwa miguu kama dakika ishirini, mizigo mgongoni. Kwa watoto wakubwa wanaopenda kutembea ni furaha tupu. Ukiwa na bibi au mtoto mchanga, iache.

Manshausen ni kisiwa katika Steigen, Nordland, kinachohusishwa na mvumbuzi wa ncha za dunia Børge Ousland. Vibanda vyake vya vioo, vilivyochorwa na Snorre Stinessen, vimechomoza juu ya bahari. Kwa sisi watu wa pwani hapa kuna utamu wa pekee: unaamka ukiwa juu ya maji yanayopwa na kujaa. Lakini maji hayo ni baridi ya kuua, na gati halina ukuta. Mtoto avae koti la kuokolea kila anapotoka mlangoni, hata kama anajua kuogelea.

Denmark haina milima, na hiyo ni nafuu kwa miguu midogo. Løvtag, karibu na Mariagerfjord huko Jutland, ni vibanda vya msanifu Sigurd Larsen vilivyoinuliwa kama mita nane, kila kimoja na mti unaopita katikati yake na baraza juu ya paa. Familia ya watu wanne inaingia bila shida.

Na kama bei zinakushtua, usikate tamaa. Chumba maarufu cha juu ya mti kwa usiku mmoja kinaweza kukaribia kodi ya wiki nzima ya stuga, yaani nyumba ndogo ya mashambani ya kawaida. Usanifu mzuri hauko hotelini peke yake. Chama cha watembea milima cha Norwei, DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868, kina vibanda zaidi ya 500 nchi nzima. Tungestølen, huko Luster, kilichorwa na Snøhetta na kufunguliwa mwaka 2019 baada ya vibanda vya zamani kubomolewa na dhoruba ya Desemba 2011. Unalala kwenye jengo la wasanifu wakubwa, mnakula meza moja na familia nyingine, na watoto wanapata wenzao. Oslo kwenyewe kuna Fuglemyrhytta, kazi ya Snøhetta ya mwaka 2018, kibanda kidogo cha msituni. Unapanda treni ya mjini hadi Vettakollen kisha unatembea msituni na chupa yako ya chai. Kama huna hakika watoto wako watapenda mambo haya, anzia hapo.

Uswidi kuna Kolarbyn, Skinnskatteberg: vibanda vya wachoma mkaa vilivyofunikwa udongo na majani, bila umeme, unakata kuni zako mwenyewe. Watoto wa mjini hupapenda kuliko vioo vyote.

Hatua ya 4: Msimu ndio chumba cha pili

Nyumba ileile mwezi Februari na mwezi Julai ni nyumba mbili tofauti.

Juni na Julai huko juu jua halitaki kuzama. Harads iko chini kidogo tu ya Duara la Aktiki, kwa hiyo katikati ya Juni usiku ni kama alfajiri ndefu. Saa tano usiku watoto wanaona mwanga, na hakuna wa kuwashawishi kwamba ni muda wa kulala. Nyumba za vioo mara nyingi hazina pazia zito. Mimi hubeba kanga tatu na vibanio vya nguo, nikazitundika dirishani juu ya kitanda cha watoto. Zinafanya kazi kuliko vifaa vingi vinavyouzwa madukani, na chumba kinapata rangi ya nyumbani.

Kisha kuna mbu. Mtu aliyekulia Tanga hudhani anawajua mbu. Wa kaskazini hawana malaria, lakini kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Agosti wanakuja kama wingu, mchana kweupe, hasa penye maji na vichaka. Chukua dawa ya kupaka inayouzwa kwenye maduka ya hukohuko, nguo za mikono mirefu za rangi nyepesi, na chandarua cha kofia kwa kila mtoto. Kila mtoto awe na chake. Kimoja cha kupokezana ni ugomvi.

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Septemba ndio msimu ninaoupenda mno. Mbu wamepungua, matunda ya porini yameiva, majani yamegeuka manjano na mekundu, na usiku umerudi kuwa giza kiasi cha kuonekana taa za kaskazini (aurora), zile pazia za mwanga wa kijani angani. Shule za Skandinavia zimeshafunguliwa, basi nafasi hupatikana na bei huwa laini. Wenye watoto wanaosoma hukohuko hubaki na likizo ya vuli, ambayo Uswidi huangukia mwishoni mwa Oktoba.

Desemba na Januari kaskazini ni giza, na mchana ni wa saa chache. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ya kawaida, na 30 haishangazi. Kama ni safari yenu ya kwanza ya theluji, nendeni mwishoni mwa Februari au Machi: theluji bado ni nene, jua limerudi, mchana ni mrefu, na mwanga wa kijani bado unaonekana usiku. Angalia tu usigongane na likizo ya michezo ya Uswidi, inayozunguka mikoani kati ya wiki ya 7 na ya 10 ya mwaka. Wiki hizo kila kitu hujaa.

Watu huuliza kuhusu hoteli ya barafu ya Jukkasjärvi, ambayo historia yake inaanza mwaka 1989. Ndani ya vyumba vya barafu ni kati ya nyuzi 5 na 8 chini ya sifuri, na mnalala ndani ya mifuko minene ya kulalia. Kwa watoto wadogo nashauri mtembelee mchana mkione, kisha mlale kwenye vyumba vyake vya joto.

Hatua ya 5: Andika barua ya maswali kabla ya kulipa

Usibonyeze kitufe cha kulipa kwanza. Hoteli hizi ni ndogo, barua yako inasomwa na mtu, na jibu lake utalihitaji kama mambo yataenda kombo. Uliza hivi:

- Vitanda halisi ni vingapi, na cha mtoto kina urefu gani? Taja umri wa kila mtoto.
- Kuna umri wa chini unaoruhusiwa, chumbani au kwenye sauna (chumba cha joto kali cha kutokwa jasho)?
- Choo na bafu viko ndani? Kama sivyo, ni mita ngapi, na njia ina taa?
- Kutoka maegesho hadi mlangoni ni mwendo gani, na mizigo inabebwa na nani?
- Mashuka, taulo na usafi wa mwisho vimo kwenye bei?
- Chakula cha jioni kinahudumiwa saa ngapi, na watoto wanakula nini?
- Tukighairi kwa sababu mtoto anaumwa, tunarudishiwa kiasi gani?

Swali la mashuka si dogo. Kwenye vibanda vingi vya Skandinavia mgeni huja na mashuka yake na husafisha mwenyewe anapoondoka, na asiyetaka hulipia zaidi.

Wasiokula nguruwe waseme mapema na kwa maneno kamili: nyama, mafuta, soseji na jelatini. Nyama halali ni nadra vijijini, ila samaki ni wengi na wazuri, na mpishi akijua wiki moja kabla hutayarisha kwa moyo. Kwa sala, kiangazi cha kaskazini kinaleta swali la kweli, maana Isha na Alfajiri zinakaribia kukutana au hazipatikani kabisa. Muulizeni imamu wenu kabla ya kusafiri mfuate ratiba ya mji gani, ili msijadiliane usiku wa manane.

Hatua ya 6: Viza, ndege na gari

Denmark, Uswidi na Norwei zote ziko kwenye eneo la Schengen, basi viza moja inatosha. Omba kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini kwa familia usisubiri chini ya miezi mitatu. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000 kwa kila mtu, mtoto pia. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, andaeni ridhaa ya maandishi ya mzazi mwingine pamoja na cheti cha kuzaliwa. Maombi mengi ya familia hukwama kwenye karatasi hizo mbili.

Pesa: nchi zote tatu zina kroner, lakini ni kroner tatu tofauti, na ya Uswidi haikusaidii dukani Norwei. Kadi inatosha karibu kila mahali, hata kwa kikombe cha kahawa kijijini.

Kufika Harads mnaruka kutoka Stockholm hadi Luleå, kisha gari kwa takriban saa moja. Treni ya usiku ya kwenda kaskazini ni chaguo langu mnapokuwa na watoto: mnachukua chumba kizima cha kulala, nao hulichukulia behewa kama hoteli ya kwanza.

Ukikodi gari, kumbuka mnaendesha upande wa kulia, taa zimewashwa hata mchana, na kiwango cha pombe kinachoruhusiwa Norwei na Uswidi ni cha chini mno, basi asiyeendesha tu ndiye anywe. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 sharti akae kwenye kiti chake. Agiza viti hivyo unapoweka gari, taja uzito na kimo, na usikubali kuahidiwa kwamba "vitakuwepo". Machweo na alfajiri punguza mwendo. Yuko mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa farasi, Waswidi humwita älg, na akitoka msituni hatazami gari. Huko juu kuna pia kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, nao husimama barabarani makundi kwa makundi. Wasubirini, msipige honi.

Hatua ya 7: Nguo, na hapa usibane mkono

Wanorwei wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Wanaupenda kwa sababu watoto wao hulelewa nje kwelikweli.

Siri ni tabaka tatu. Linalogusa ngozi liwe sufu laini ya kondoo, suruali na fulana ya mikono mirefu. Pamba iache nyumbani, kwa sababu ikilowa jasho inabaki na maji na kumpoza mtoto. Tabaka la kati ni sweta la sufu au koti laini la manyoya. La nje lizuie maji na upepo. Kwa watoto wadogo chukua ile suti ya kipande kimoja, isiyoruhusu theluji kuingia kiunoni. Buti ziwe kubwa kidogo zaidi ya kipimo, kwa sababu joto linakaa kwenye hewa iliyo kati ya vidole na ngozi ya kiatu. Buti inayobana na soksi mbili ndani yake huganda haraka kuliko buti pana na soksi moja. Glavu chukua jozi mbili kwa kila mtoto, za kidole gumba peke yake.

Msinunue hivi Dar au Nairobi. Skandinavia ina maduka mazuri sana ya nguo za mitumba, na watoto wanakua haraka, hivyo suti nzuri za theluji huuzwa zikiwa karibu mpya. Hoteli nyingi za kaskazini pia huazimisha au kukodisha nguo nzito. Waulize kabla hamjajaza masanduku.

Hatua ya 8: Saa ya kwanza mnapofika

Viatu huachwa mlangoni, kama kwetu, na hilo watoto wa pwani hawahitaji kufundishwa. Kabla ya kufungua sanduku lolote, zungukeni chumba pamoja. Waonyeshe ngazi na namna ya kuishuka: uso ukiangalia ngazi, mikono yote miwili. Waonyeshe jiko la kuni na mstari usiovukwa. Mtoto mdogo alale chini, hata kama kitanda cha juu ndicho alichokiota njia nzima. Mpe kitanda hicho mchana akichezee.

Kisha choo. Vyumba vingi vya juu ya miti havina bomba la maji taka, vinatumia choo kinachochoma uchafu kwa umeme. Unaweka karatasi maalumu kabla ya kukaa, unamaliza, unafunga kifuniko, unabonyeza kitufe. Sasa, sisi tuliozoea kutawadha kwa maji tuangalie hapa: choo hicho hakikujengwa kumwagiwa maji. Beba vitambaa vyenye unyevu, au tumia bafu la jengo kuu. Mweleze bibi faraghani, kwa lugha yake, na ngurumo za mashine hazitamtisha usiku.

Sauna ni ada ya nchi, na watoto wa huko huzoezwa mapema. Oga kwanza, kaa benchi la chini ambako joto ni dogo, dakika chache tu, maji ya kunywa pembeni, na mtoto akisema basi ni basi. Watu wa huko hawaoni haya kuwa uchi kwenye sauna. Msipoafiki, ulizeni kama mnaweza kuikodi kama familia kwa saa moja mkavaa mtakavyo. Hakuna atakayekasirika.

Hatua ya 9: Tokeni nje, na mjue haki yenu

Uswidi na Norwei kuna haki ya kila mtu, kwa Kiswidi allemansrätten: unaweza kutembea, kuogelea na kuchuma matunda ya porini na uyoga hata kwenye ardhi isiyo yako, ilimradi usiharibu na usikaribie nyumba za watu. Norwei iliiandika kwenye sheria yake ya mwaka 1957, ambayo pia inataka hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba iliyo karibu. Denmark haina haki pana kama hiyo, basi huko fuateni njia zilizowekwa alama. Norwei pia kuwasha moto msituni au karibu nao kumekatazwa kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15, isipokuwa pahala pasipoweza kuleta hatari ya moto. Hotelini mtaonyeshwa pa kuwashia.

Kuanzia Julai mwishoni wape watoto kikopo kila mmoja wachume blåbär, yale matunda madogo ya buluu yanayopaka midomo rangi. Uyoga usile hata mmoja kabla mwenyeji hajauona kwa macho yake, kwa sababu ipo ya kuua inayofanana na ya kuliwa. Kusini mwa Uswidi, Denmark na pwani ya kusini ya Norwei kuna kupe wanaoeneza maradhi. Kila jioni kagueni nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti, na mkimkuta mng'oeni kwa kibano akiwa mzima. Simu ya dharura Uswidi na Denmark ni 112. Norwei gari la wagonjwa ni 113.

Msijaze ratiba. Asubuhi matembezi, mchana kulala, jioni moto na mkate wa kuzungushia kijitini. Saa zinazobaki waachieni watoto dirisha. Mwanangu, yule wa miaka minne, safari ya pili alikaa mbele ya kioo kimya nusu saa nzima, akamwona kindi akishuka, akapanda, akashuka tena. Bibi alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. Safari hiyo choo kilikuwa ndani, vitanda vilikuwa vinne, na ngazi ilikuwa na mikono ya kushikia pande zote mbili. Bibi alikuwa ameshaikagua.